Mwanamke Aliyefutiwa Ujinga Mara Ishirini na Mbili

Kwanza tuelewane. Mimi sina nongwa na serikali iliyonilea, ikaniajiri, ikanipa meza yenye droo mbili, moja ikifunguka. Nilikuwa karani wa kisomo wa wilaya, nimestaafu kwa heshima zote, na ninayosimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa. Nchi yenyewe siitaji. Si woga. Kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumatano tu, na leo si Jumatano.

Nchi hiyo iliuchukia ujinga, nyie acheni. Tulikuwa na Wizara ya Kufuta Ujinga, Kamati ya Kusimamia Ufutaji, na Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Ujinga Haujafutika. Magari yalikuwepo. Mabango yalikuwepo barabara nzima, yameandikwa kwa herufi za kutisha: HUJUI KUSOMA? SOMA HAPA. Kilichopungua kidogo ni walimu, na kati ya hao wachache mmoja ndiye aliyeniletea haya ninayowasimulia.

Mwalimu Shekigenda alipelekwa kijiji cha Chamtoni akiwa na miaka thelathini na miwili na sanduku la bati. Barua ilisema atafundisha darasa la ngumbaru mwaka mmoja, kisha atahamishwa. Wizara ikamsahau huko, naye kwa bahati mbaya akawa anaipenda kazi. Wenye akili zetu, ukisahauliwa kijijini unafuga nguruwe, unafungua genge, unasubiri. Yeye alifundisha.

Darasa lilikuwa ghala la pamba la ushirika uliokwisha kufa. Ubao ulikuwa mlango wa ghala, ameupaka unga mweusi wa mawe ya redio yaliyokwisha, umetwangwa ukachanganywa na maji. Chaki ilikuwa muhogo mkavu. Shida ya chaki ya muhogo ni kwamba mbuzi hawaelewi maana ya vifaa vya serikali. Mara tatu Mwalimu aliandika taarifa ya upotevu, na mara tatu Wizara ilimjibu kwa maandishi, ikamtaka ataje jina kamili la mbuzi, umri wake na kituo chake cha kazi.

Basi kila siku saa kumi alasiri watu wazima walitoka mashambani na tope miguuni, wakaketi juu ya magunia matupu, wakaanza kuhangaika na a, e, i, o, u. Wengi wao walikuwa wanawake. Hao walifundishika vizuri, na si kwamba nawasifia. Mwanamume akikosea anasema ubao una mwanga. Mwanamke akikosea anacheka, anafuta, anaandika tena.

*

Mwanafunzi wa kwanza kujua kusoma Chamtoni alikuwa Bi Nyange binti Sefu, mjane, mwenye ekari tatu za vitunguu ukingoni mwa mto. Miezi saba tu, akawa anasoma. Tena alisoma kwa njaa. Sokoni alinunua andazi moja apate kipande cha gazeti kilichofungiwa, kisha akaja darasani na nusu ya habari. Leo waziri amefumaniwa, lakini hajui na nani, kwa sababu kipande kingine kilikwenda na andazi la mtu mwingine.

Mwezi wa tisa ikafika Siku ya Kisomo. Mkuu wa Wilaya akaja na vumbi lake, Bi Nyange akasimamishwa mbele, akasoma fungu la mwisho la kitabu cha Wizara. Lilikuwa hivi: Jembe langu ni kali. Nalima mapema. Kiongozi wangu ananipenda. Alisoma kwa sauti iliyonyooka, na alipofika mwisho machozi yakamtoka, maana alikuwa amefikisha miaka arobaini na moja akidhani herufi ni za watu wengine. Mkuu wa Wilaya alidhani analilia sentensi ya tatu. Akaguswa sana. Akampa kanga, watu wakapiga makofi, nami nikamwandika daftarini: aliyefutiwa ujinga, mmoja.

Mwaka wa pili ukaja waraka. Kila darasa lazima limsimamishe mbele ya mgeni rasmi mtu mmoja aliyefutiwa ujinga mwaka huohuo. Darasa lisilo naye lifungwe, ghala lirudishwe kwa panya.

Mwalimu alikuwa na watu kumi na tisa wanaosoma bila shida. Lakini tulipowajaribu na kipaza sauti, wa kwanza alisahau hata jina lake, wa pili alikimbilia nyumbani, na wa tatu, mwanamume mzima na ndevu zake, aliishika ile fimbo ya kipaza sauti asiiachie mpaka akamwagiwa maji. Na kutoka ofisi ya Mkuu wa Wilaya ulikuja ujumbe wa mdomo: mleteni yule anayelia.

Ila Bi Nyange alikwisha andikwa kwamba anajua. Huwezi kumfuta mtu ujinga aliofutiwa mwaka jana. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi, na nasema bila kujivuna. Nilitunga fomu. Niliiita Tamko la Kurejea Ujingani. Mhusika anatamka mbele ya karani kwamba kile alichojua hakijui tena, anaweka kidole gumba, kwa kuwa mtu aliyerejea ujingani hawezi kutia saini, na siku hiyohiyo anaandikishwa upya darasani. Wizara iliipenda ile fomu ikaichapa kwa nchi nzima.

Mwalimu Shekigenda alikataa. Alisema huo ni uongo, tena uongo wa kitoto. Aliyemshawishi si mimi, ni Bi Nyange mwenyewe. Alimwambia kwamba jina lake yeye si kitu, wamwandike mjinga, wamwandike vyovyote, bora darasa lisifungwe, kwa sababu wenzake wale wengine wamefika kwenye silabi. Akaweka kidole. Mwalimu akainamisha kichwa, akatia saini.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mwezi wa tisa Bi Nyange anafutwa ujinga, mwezi wa kumi anarejea ujingani. Miaka ishirini na miwili. Wakuu wa Wilaya walipita, hotuba haikupita. Fomu ya Wizara ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, basi mamia waliojua kusoma kweli kupitia mlango ule mweusi hawakuandikwa popote, na yule mmoja aliandikwa mara ishirini na mbili. Kwenye takwimu za taifa, Chamtoni ina wasomi ishirini na wawili. Ukiwaita wote waje, anakuja Bi Nyange peke yake.

*

Mkuu wa Wilaya wa mwisho, Mheshimiwa Balungi, alikuwa mtu wa maneno makubwa. Siku ya Kisomo ya mwaka wa ishirini na mbili alisema:

"Ndugu wananchi, ujinga ni adui, na adui huyu katika kijiji hiki tumemuua mara ishirini na mbili! Ni nchi gani nyingine imeweza?"

Hakuna nchi nyingine. Nilikuwa naandika, nikaona ni kweli.

Baada ya hotuba alipelekwa kupunga upepo ukingoni mwa mto, kwenye shamba la Bi Nyange. Alikula wali wake, akanywa maji ya mtungini, akaangalia ule udongo mweusi na maji yanayopita pale pembeni bila kulipiwa. Alisimama muda mrefu. Mimi nilimjua. Mheshimiwa akinyamaza, kuna mtu atahama.

Lazima niwaeleze hapa kuhusu sheria moja nzuri sana tuliyokuwa nayo, Sheria ya Kumlinda Asiyejua Kusoma. Ilitungwa kwa huruma. Ilisema kwamba mtu aliyeandikwa hajui kusoma asisumbuliwe na karatasi. Kila karatasi inayomhusu atasomewa na karani wa serikali, na alichosomewa ndicho kilichoandikwa. Msinikodolee macho. Sheria sikuitunga mimi, mimi nilitunga fomu.

Mwezi wa kumi na moja nilitumwa kwa Bi Nyange na karatasi. Nilimkuta anang'oa vitunguu. Akanikaribisha, akafuta mikono, akasimama ubavuni kwangu kama watu wanavyosimama kutazama picha. Nikamsomea kama nilivyoelekezwa: kwamba yeye, Nyange binti Sefu, anaomba mbolea ya ruzuku mifuko minne. Nilisoma vizuri, na vituo niliviweka. Nilipomaliza akanyoosha kidole chenye udongo.

"Karani, mstari wa tatu umeuruka. Hapo pameandikwa nimeridhia kulitoa shamba."

Nikamweleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa daftari yeye hajui kusoma tangu mwezi wa kumi. Alicheka. Alidhani natania, sisi ni watu tunaofahamiana, nimekula kwake mara ngapi. Akaniuliza kwani si mimi niliyemwandika. Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nina hakika. Kicheko kikamwisha usoni taratibu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mkoba wangu.

Alikataa kuweka kidole. Lakini sheria ilikwisha kufikiria hilo. Kifungu cha saba kinasema asiyejua kusoma akikataa bila sababu inayoeleweka, karani ataweka kidole chake kwa niaba. Na sababu ya kwamba umesoma haieleweki kwa mtu asiyejua kusoma. Nikafungua kibweta cha wino pale juu ya tuta la vitunguu, nikaweka changu. Wote wawili tulikitazama kikikauka.

*

Bi Nyange akaenda kulalamika Baraza la Ardhi. Wakamwuliza amejuaje kilichoandikwa. Akasema amesoma. Wakafungua daftari, wakamwambia hilo haliwezekani, alete shahidi anayefahamika na serikali. Mtu wa namna hiyo ulimwenguni alikuwa mmoja, mwalimu wake.

Mheshimiwa Balungi akamwita Mwalimu Shekigenda ofisini, nami nikaambiwa nilete chai. Mwalimu alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na Wizara, baada ya kumsahau miaka yote, ilikuwa imemkumbuka ghafla ikamwandalia Nishani ya Kalamu ya Shaba. Mheshimiwa alimsifu kwanza kwa dakika ishirini. Kisha akamwambia jambo lenyewe ni dogo.

"Sema amekariri, Mwalimu. Kukariri si kosa. Sisi wote tumekariri."

Mwalimu akauliza, na akisema kweli? Mheshimiwa akasikitika sana. Alisema kweli ni kitu kizuri, lakini ikionekana kwamba yule mama alijua kusoma siku zote, basi darasa la Chamtoni limeidanganya Wizara miaka ishirini na miwili, na darasa la uongo hufungwa. Aliongeza kuwa nishani nayo ingekosa pa kuning'inia. Nishani haikumtikisa Mwalimu, nilimwona. Kilichomtikisa ni lile darasa.

Mwaka ule kulikuwa na wanawake thelathini na mmoja kwenye magunia. Mmoja wao, mama Chausiku, alikuwa na barua saba za mwanawe aliyefungwa gereza la mbali. Hakutaka kusomewa na mtu yeyote. Alizifunga kwenye kitambaa, anangoja azisome kwa macho yake, na alikuwa amebakiza silabi za ng', mb na nd. Wiki tatu, nne, angefika. Sasa hebu mwambie mtu achague, shamba la yule au barua za huyu. Mimi nilikuwa nimeshachagua zamani, nimechagua droo inayofunguka.

Mwalimu alinisimulia baadaye kwamba alitoka pale akaenda moja kwa moja mtoni. Alimkuta Bi Nyange anamwagilia, kana kwamba mambo ni yaleyale. Akamweleza yote, la darasa na la mama Chausiku, hakuficha. Alitumaini, aliniambia hivyo bila aibu, kwamba Bi Nyange atasema tena yale maneno yake, darasa lisifungwe kwa ajili yangu. Bi Nyange aliweka ndoo chini.

"Nimekubali kuwa mjinga mara ishirini na mbili, Mwalimu. Safari hii niandike ninayejua."

*

Baraza lilikaa ghalani, maana ndilo paa pekee kijijini linalotosha watu. Watu walijaa mpaka nje kama Siku ya Kisomo, na wengi wa nyuma hawakuwa wakisikia kitu, wamekuja tu kwa kuwa wengine wamekuja. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mzee mmoja mheshimiwa aliyesahau miwani yake siku alipoteuliwa, na hakuikumbuka tena. Karatasi zake zote nilimsomea mimi.

Mwalimu Shekigenda alisimama, mwembamba, koti limemzidi. Hakuhutubia.

"Bi Nyange anajua kusoma. Alijua mwaka wa kwanza, mwezi wa saba. Hao ishirini na wawili mnaowahesabu ni yeye mmoja. Aliyetia saini ni mimi."

Hakutaja fomu imetungwa na nani. Nilimshukuru moyoni, na mpaka leo shukrani hiyo inanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwenyekiti akaagiza mama ajaribiwe. Nikampa ile karatasi ya mbolea. Akaisoma yote, na mstari wa tatu akausoma mara mbili. Mwenyekiti alifurahi waziwazi. Alimpongeza Bi Nyange kwa niaba ya taifa, akaagiza apewe cheti palepale, nami nikakigonga muhuri: Nyange binti Sefu, anajua kusoma, kuanzia leo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu alifumba macho, na nadhani kwa dakika moja hivi aliamini kwamba wameshinda. Mimi sikuamini, kwa sababu hukumu ilikuwa mfukoni mwangu tangu jana. Mheshimiwa Balungi aliniandikisha mbili, moja kama atasoma na nyingine kama hatasoma, na zote ziliishia mahali pamoja.

Mwenyekiti akanipa ishara, nikasoma. Baraza limeridhika kwamba mlalamikaji anajua kusoma. Ajuaye kusoma halindwi na Sheria ya Kumlinda Asiyejua Kusoma, hivyo hawezi kuitumia kulalamika. Cheti kinaanza leo na hakirudi nyuma, hivyo karatasi iliyosomwa na karani kabla ya leo ilisomwa kihalali, na kidole kilichowekwa ni kidole. Shamba limekwenda. Darasa la Chamtoni, kwa kukiri kwa mwalimu wake, limefungwa, naye Mwalimu ameachishwa kazi. Nilisoma bila kuruka mstari. Mama Chausiku alikuwa ameketi mbele kabisa, kitambaa chake mapajani, ananitazama mdomo.

Ilibaki notisi. Zamani ningemsomea mimi. Lakini sheria ni sheria, ajuaye kusoma hasomewi, hujisomea mwenyewe, tena kwa sauti, ili iingie kwenye kumbukumbu kwamba ameelewa. Mwenyekiti akasema mama apewe. Nikampa.

Bi Nyange aliishika kwa mikono miwili. Alisimama palepale aliposimama miaka yote, mgongo umenyooka, akaanza. Kwa notisi hii, wewe Nyange binti Sefu, mkazi wa Chamtoni, unaarifiwa juu ya. Hapo akakwama. Lilikuwa neno la kisheria, halimo katika kitabu cha Wizara wala katika karatasi za maandazi. Alilijaribu kwa midomo, halikutoka. Hakumtazama Mwenyekiti wala hakunitazama mimi. Aligeuka akamtazama Mwalimu, kama mwanafunzi yeyote anavyogeuka.

Mwalimu Shekigenda angeweza kunyamaza. Nasema kweli, kama angenyamaza, kumbukumbu isingekamilika, na pengine tungeahirisha, na vitunguu vingepata wiki mbili zaidi. Lakini mtu aliyefundisha miaka ishirini na mitatu hawezi kumwacha mwanafunzi wake akikwama mbele za watu.

"U-twaa-ji," alisema, polepole, akiligawa.

"Utwaaji," akarudia Bi Nyange, akamshukuru kwa kichwa. Akaendelea bila kukwama tena: utwaaji wa shamba lako la ekari tatu, siku kumi na nne, ondoka na vitu vyako vyote, mazao yaliyomo ardhini ni ya mmiliki mpya, mpaka chini kabisa kwenye jina la mmiliki huyo, ambalo alilisoma kwa ukamilifu wake pamoja na cheo.

Kule nyuma, wale wasiosikia kitu walijua tu kwamba Bi Nyange amemaliza kusoma. Wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga.